Nilichokifuta Pamoja na Chenga

Nikianza kuzungumzia ubora wa picha, watu wangu wa karibu hutafuta sababu ya kuondoka. Dada yangu hukumbuka kwamba maharage yanaungua, hata siku ambayo hakuna aliyebandika maharage. Simlaumu. Nina duka dogo la muvi Biharamulo mjini. Nawajazia watu flashi na simu, na kwa wachache waliobaki na kanda za zamani, nazihamishia kwenye kompyuta. Mtu wa kazi hiyo alipaswa kuuza na kunyamaza. Mimi siwezi. Ukinirudishia muvi na kuniambia picha yake chafu, nakuvutia kiti.

Kuna mzee mmoja wa Kaniha, mkulima wa mahindi, ambaye aliwahi kunirudishia muvi ya zamani aliyoipenda ujanani. Alisema nyuso za waigizaji zinatembewa na wadudu. Nikamwekea nakala mbili za muvi ileile, moja upande huu wa kioo, nyingine upande ule. Ya kwanza ilikuwa na hao wadudu wake: chembe ndogondogo zinazochemka juu ya kila kitu, mashavuni, ukutani, angani. Ya pili ilikuwa imesafishwa kabla ya kutolewa tena, haina hata chembe moja, na mwigizaji mkuu, mtu mzima wa kupigana ngumi na majambazi, alikuwa na uso wa mshumaa.

"Angalia ndevu zake, mzee wangu," nilimwambia. "Huku ana ndevu za siku tatu. Huku amenyolewa na kompyuta."

Mzee aliangalia kwa heshima zote, akachagua ya mshumaa. Nilinuna mpaka jioni.

Kununa kwangu kuna historia. Nimezaliwa Nemba, na muvi za kwanza nilizitazama kwenye banda la video lililokuwa ghala la mahindi, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Kanda zilizotufikia zilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Rangi nyekundu ilivuja nje ya nguo, nyuso zilikuwa za bluu, na chini ya picha ulicheza mstari mweupe tuliouzoea kiasi cha kudhani ni sehemu ya hadithi. Jambazi tulimtambua kwa shati. Akibadilisha shati, banda zima linagombana. Na chenga, zile nukta zinazomwagika kwenye kioo picha isiposhika vizuri, hazikukosekana hata siku moja. Nikakua nikiamini kwamba nukta ni uchafu na picha nzuri ni ile isiyo na nukta, na sikuona kama kuna cha kujadili.

Imani hiyo ilivunjwa na diski moja. Nilikuwa tayari na duka langu. Dereva wa lori aliyekuwa akielekea Rusumo alisimama kunywa chai, akaniachia diski chache alizochoka nazo, mojawapo ikiwa na muvi ya zamani sana iliyotolewa upya kutoka kwenye filamu yake ya kwanza. Nikaiweka, nikaona chembe zinachemka, nikataka kuitupa. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Hapo mwigizaji akageuka dirishani, na nikaliona shati lake. Niliuona ule uzi wa pamba uliovutika begani, halafu jasho juu ya mdomo, halafu kovu dogo la nyusi ambalo katika kopi zote za Nemba halikuwahi kuwepo. Nikasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Filamu za zamani, nikaelewa, hupakwa dawa yenye chembe za fedha, na mwanga ukizigusa zinageuka, nyingine sana, nyingine kidogo. Zile chembe ndizo picha. Hakuna picha nyingine iliyojificha nyuma yake ikisubiri kupanguswa. Ukizifuta huondoi vumbi, unaikwangua picha yenyewe. Kanda za video ni habari nyingine, zile chenga zake ni uchovu wa kanda tu, lakini hata huko uchovu na picha hukaa pamoja, na kuvitenganisha si kazi ya kuvamia. Nilisimama peke yangu dukani nikapiga makofi mawili. Mama muuza vitenge wa duka la pili akauliza nimeshinda nini. Nilimweleza kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo haulizi tena.

Basi mtu aliyejua yote hayo, aliyewasumbua wateja nayo mwaka baada ya mwaka, ndiye aliyefanya nitakachokisimulia.

Alikuja dukani mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, binti wa Mabawe kule Ngara, zikiwa zimebaki wiki mbili aolewe. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha meza cha kufuma.

"Dada, wanasema una deki inayofanya kazi."

"Ninazo mbili," nikasema. "Moja inafanya kazi, nyingine inaitolea vipuri."

Alifungua kitambaa. Ilikuwa kanda ya video, kava lake limeshikana kwa gundi ya karatasi, na kwenye kioo chake kidogo niliona ukungu mweupe umekaa kwenye kingo. Ilikuwa harusi ya mama yake. Mama alifariki binti akiwa hajaota jino, akalelewa na bibi yake mzaa mama hukohuko Mabawe. Kanda ilitazamwa mara moja tu, kwa deki ya kuazima, wiki chache baada ya harusi. Ulipokuja msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitazama, na moyo uliporudi, deki zilikuwa zimeshatoweka kijijini. Mjomba wake akaihifadhi kwenye debe la nguo miaka yote hiyo. Picha nyingine ya mama aliyokuwa nayo ni moja tu, ndogo, ya kubandika kwenye fomu, na nusu ya uso ilikuwa imeliwa na unyevu.

"Sijawahi kumwona akitembea," alisema. "Nataka nimwone kabla sijatoka nyumbani kwa bibi. Sitaki kuolewa bila kumwona."

Nikamwambia nikiinasa tu nitamwita. Akakataa. Alitaka aitazame mara ya kwanza palepale Mabawe, bibi yake akiwa pembeni, na nisimwambie lolote nitakaloliona. Nilikubali. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaongeza: "Nitakutolea mama yako kama amerekodiwa jana."

Nilifanya kazi ile nikiwa na furaha ambayo naona aibu kuieleza. Niliifungua kanda skrubu moja baada ya nyingine, nikafuta ukungu kwa pamba na spiriti, nikaizungusha kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikasafisha kichwa cha deki mara tatu. Nilipoiwasha ilikwama mara mbili, na mara zote mbili moyo wangu ulikwama nayo. Halafu ikaenda. Kwenye kioo kikatokea kiwanja cha nyumba katikati ya migomba, wanawake wamejipanga, na mlangoni anatoka bibi arusi katika gauni jeupe.

Chenga zilikuwa nyingi, na pale mlangoni zilikuwa nzito kuliko kwingine kote. Nikasema moyoni, subirini, nawajia. Wiki ileile nilikuwa nimepata programu mpya ya kusafisha picha, watu wa kazi yetu waliisifu mitandaoni mpaka nikakosa raha, na hii ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Inalinganisha picha moja na inayofuata, na kila nukta iliyopo hapa na haipo pale inaihesabu kuwa uchafu, inaitoa. Halafu inapitisha mkono laini juu ya kilichobaki. Ina kitelezi cha nguvu, kutoka kidogo hadi nyingi. Mtu mwenye akili angekiweka katikati. Mimi nilikisukuma mpaka mwisho.

Kompyuta ilichemka siku mbili. Matokeo yalipotoka nilicheka peke yangu kwa furaha. Migomba ilikuwa ya kijani kweli, anga halina doa, gauni linang'aa, na bibi arusi ana uso laini, mweupe wa poda, hauna dosari hata moja. Kuna mahali alisimama wima mbele ya mama yake, akatoa ulimi kidogo, akaendelea. Nikasema, huyu alikuwa mchokozi. Nikapita. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikaifuta ile nakala ya kwanza, chafu, ili hii nzuri ipate nafasi. Mimi, ambaye huwahubiria watu kila siku kwamba usifute nakala ya kwanza.

Nilifika Mabawe Jumatano mchana, flashi mfukoni, harusi ikiwa Jumamosi. Nyumbani kwao shughuli zilikuwa zimeshaanza, wanawake wanamenya ndizi uani, turubai linafungwa. Mjomba alikuwa ametundika kitenge dirishani ili mwanga usiingie sebuleni. Bibi aliketishwa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na runinga, mama wadogo wawili kwenye kochi, na binti akakaa chini kwenye mkeka, mgongo wake ukiegemea miguu ya bibi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umetuletea mtoto wetu?"

"Nimemleta, bibi. Na ameoga."

Wakacheka. Nilitoa hotuba fupi kuhusu chenga, ambayo haikuombwa na mtu, kisha nikabonyeza.

Nilikuwa nawatazama wao, si picha. Nilitaka kuona nyuso zao zinavyofunguka. Mwanzoni zilifunguka kweli. Mama wadogo walitaja majina ya waliokuwa kwenye mstari, nani bado yuko, nani hayupo. Bibi arusi akatoka mlangoni. Binti akainua mgongo kutoka miguuni mwa bibi. Kwenye picha, bibi mwenyewe, akiwa mwanamke wa makamo mwenye nguvu, akaingiza mkono kwenye ungo, akaurusha mkono kuelekea kwa bintiye.

"Mbona mkono wangu mtupu?" bibi aliuliza.

 Mkono ukarudi kwenye ungo, ukarushwa tena, na tena hakuna kilichotoka. Kisha yule bibi arusi akasimama mbele ya mama yake, akatoa ulimi.

Mama mdogo mmoja alicheka, akajizuia. Mwenzake akashika mdomo. Bibi akasogeza kiti mbele.

"Mbona ananitolea ulimi?"

Binti alikuwa bado anaangalia ule uso uliojaa kioo. Niliona anautafuta. Nimeona watu wakiangalia picha za paspoti za marehemu wao, najua namna mtu anavyotafuta. Alitafuta mpaka picha ikahamia kwa wageni.

"Huyu ndiye mama?" akauliza. "Anafanana na tangazo la losheni."

Akainuka, akaenda uani kumenya ndizi. Siku tatu kabla ya harusi yake, bibi arusi akachukua kisu akakaa na wamenyaji, na hakuna aliyemfukuza.

Nilizima. Mjomba aliondoa kitenge dirishani. Bibi ndiye aliyenieleza, kwa subira, kwa Kiswahili chake chenye Kihangaza ndani. Katika nyumba ile, binti anapotoka kwenda kuolewa, mama yake humrushia ulezi, yeye anauita uburo, konzi tatu kutoka kwenye ungo, ili atoke na mbegu za kwao. Na binti akisharushiwa hajipangusi. Hata ukimwingia sikioni, hata ukimkaa kwenye kope, mikono inabaki chini mpaka avuke mpaka wa shamba. Akijipangusa, ni kama amekataa mbegu za nyumbani. Siku ile punje moja ilimkaa mdomoni, ikawa inamtekenya. Mikono hairuhusiwi. Akaitoa kwa ulimi. Uwanja mzima ulicheka, na baba yake, aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi, akacheka pia.

 Zile chenga nzito za mlangoni hazikuwa chenga. Ulikuwa ulezi. Punje ikiwa hewani iko hapa kwenye picha moja, iko pale kwenye inayofuata, na programu yangu, kama ilivyofundishwa, ikazihesabu zote kuwa uchafu ikazitoa. Zilizotua usoni ikazipitishia mkono laini. Mtu wa Mabawe angeziona na kujua mara moja. Mimi ni Msubi wa Nemba, kwetu sijawahi kuona binti akirushiwa ulezi, na sikumuuliza mtu.

"Alikatazwa kujipangusa," bibi alisema, "akatii. Sasa wewe umempangusa."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejitetea, maana kujitetea nakujua.

"Iko wapi ile yenyewe?" mjomba akauliza.

Nikasema nimeifuta. Nikasema haraka kwamba kanda yenyewe ipo, iko salama dukani, na deki ipo. Bibi akanitazama.

"Basi nenda," akasema.

Alhamisi nilikuwa Biharamulo asubuhi, na umeme haukuwepo. Niliuliza kila mtu utarudi saa ngapi, kila mtu akanipa saa yake. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeacha kuuliza. Ningesubiri kuinasa upya ningeweza kukosa gari la Ijumaa, na Ijumaa jioni ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga, baada ya hapo binti si wa kukalishwa tena mbele ya runinga. Na kanda ile, jinsi ilivyokwama mara mbili, sikuwa na hakika itakubali kupita mara ngapi tena. Nikaamua iende kama ilivyo. Niliifunga deki kwenye blanketi, nikaweka kanda kwenye mkoba wa kifuani, nikabeba nyaya zote nilizonazo maana sikukumbuka matundu ya runinga yao yakoje. Kompyuta niliiacha mezani. Nilikuwa nimeichukia kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosukuma kitelezi.

Nilisafiri na ile deki mapajani kupitia Lusahunga na Nyakahura mpaka Ngara, na kila gari liliporuka tuta nilijiinua kidogo ili mtikisiko uishie kwangu. Abiria wa pembeni aliuliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia nimebeba bibi arusi, akageukia dirisha. Kuna kitu kilikuwa kinanitokea ambacho sikukitegemea baada ya aibu ya Jumatano: nilikuwa na hamu. Nilikuwa najua sasa kuna nini ndani ya zile chenga. Nilitaka kuuona ulezi. Nilikuwa nimeutazama muda mrefu na sijauona hata mara moja, na mwili wote ulikuwa unaniwasha kwa kutaka kuuona.

Bodaboda ilinifikisha Mabawe Ijumaa saa saba mchana. Binti alikuwa kwa msusi chini ya turubai, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Aliniona na blanketi langu. Alimwangalia bibi yake, bibi akaingia ndani, naye akainuka akamfuata, msusi nyuma yake akiwa bado ameshika mkia mmoja wa nywele.

Niliunganisha. Waya wa kwanza ulikataa, wa pili ukakubali. 

"Itakuwa na chenga," nilisema. "Nyingi."

"Weka," binti akasema.

Deki ilimeza kanda, ikasuasua, ikashika. Chenga zikamwagika, mstari ule mweupe ukacheza chini, na kiwanja cha nyumba kikatokea kati ya migomba iliyofifia. Rangi ilikuwa imechoka. Nilijikuta nimeng'ang'ania ukingo wa meza. Bibi arusi akatoka mlangoni. Mkono wa mama yake ukaingia kwenye ungo, ukarushwa, na ulezi ukaruka.

Jamani, ulezi ule. Ulikwenda hewani mwekundu, mzito, kila punje na njia yake, ukampiga bibi arusi kifuani na shingoni na kwenye shela, ukarukaruka, ukatawanyika chini kuku wakaingia kati ya miguu ya watu. Konzi ya pili. Ya tatu. Nilipiga paja langu kwa nguvu. Bibi hakuwa anaangalia picha, alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia, aliouweka juu ya goti. Mama wadogo walishikana. Na bibi arusi akasimama wima katikati ya yote hayo, mikono chini, macho ameyafumba, poda yake yote imejaa punje, mabega yanatetemeka kwa kicheko anachokizuia. Mpiga picha wa siku ile, Mungu ambariki popote alipo, alimsogelea mpaka uso ukajaa kioo. Ulimi ukatoka, ukaichukua ile punje pembeni ya mdomo, ukarudi. Uwanja ukalipuka, na sebule yetu ikalipuka nao. Hata msusi alicheka.

Binti hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya runinga, karibu kiasi ambacho mwanga wake ulimpiga usoni. Mama yake alianza kutembea. Mpiga picha akarudi nyuma naye, kwa mwendo wake, na kila hatua punje zikadondoka, kutoka kwenye paji la uso, kutoka kwenye mashavu.

"Simamisha," binti akasema.

Kusimamisha kanda kuukuu ni kuikwaruza palepale iliposimama. Kichwa cha deki kinazunguka juu ya sehemu ileile, na kadiri unavyokawia ndivyo kinavyoila. Nilifungua mdomo nimweleze. Nikabonyeza.

Picha ikasimama ikitetemeka, chenga zimekusanyika juu na chini, uso katikati. Binti akanyoosha kidole bila kugusa kioo.

"Hizi hapa," akasema. "Kwenye paji la uso. Mbona hazidondoki?"

Bibi alijivuta kutoka kwenye kiti. Mjomba akataka kumshika mkono, akamsukuma. Alisogea mpaka akasimama juu ya mjukuu wake, akainama.

"Hizo si uburo," akasema. "Hizo ni chunusi. Alilia juu yake asubuhi nzima, akataka tuahirishe. Nikampaka poda mpaka poda ikaisha."

Binti aliendelea kuangalia. Nywele zake za upande mmoja zilikuwa zimeanza kufumuka na msusi hakuthubutu kuzigusa.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Haijatimia."

Yeye alikuwa na ishirini na sita. Wote mle ndani tulijua. Tangu utotoni walimsimulia habari za mama yake, mama aliyekuwa mchapakazi, mama aliyekuwa na msimamo, mama aliyejua kulima na kuimba, na katika masimulizi hayo mama alikuwa mtu mzima siku zote. Alisogea mbele kidogo, akaweka kiganja juu ya kioo, juu ya lile paji la uso.

"Alikuwa mdogo wangu," akasema.

Bibi alikaa chini sakafuni, akamvuta kifuani, nywele zilizosukwa na zisizosukwa, na wote wawili wakalia kwa sauti. Uani waliacha kumenya. Deki ilikuwa inanguruma kwa sauti ile ninayoijua, ya kanda inayoliwa, na kidole changu kilikuwa palepale kwenye kitufe. Sikukibonyeza. Niliiacha ile picha isimame mpaka walipomaliza.